Shajara ya Land Rover ya mjomba: njia ya mafuta, kuanzia tangini

Juni, Jumamosi ya kwanza

Gari limefika Mtwara mjini leo jioni. Breki zake haziaminiki, kwa hiyo hatukulivuta kwa kamba. Tumelipakia kwenye lori lililokuwa linarudi tupu kutoka Tandahimba, tukalishusha uani kwetu Chikongola, chini ya mwembe. Ni Land Rover 109, Series III, pikapu, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni Zenith 36IV. Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na wazee wa Kusini hawahitaji kuelezwa ni gari gani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika ikikolea na barabara ya Dar es Salaam ikigeuka tope, magari ya namna hii ndiyo yaliyokuwa yakifika.

Mjomba alilisimamisha chini ya mkorosho baada ya msimu wa 2016. Si kwamba injini ilikufa. Gari lilikuwa linakata. Tambarare linakwenda vizuri, lakini likipanda mlima wa Newala kutokea Masasi, nguvu zinaisha, linakohoa, linazima. Ukilipumzisha kidogo linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Fundi wa kwanza akabadilisha koili na plagi. Wa pili akasema kabureta imekufa, akatafuta nyingine ya mtumba, naye akashindwa. Mwisho kikafungwa kidumu cha lita 5 ndani ya boneti kwa kamba ya katani, mpira ukaingia moja kwa moja kwenye kabureta, na gari likaenda hivyo mpaka mjomba mwenyewe akaogopa. Kidumu nimekikuta bado kipo, kimeegemea betri. Petroli ndani ya plastiki pembeni ya betri, juu ya ekzosi yenye moto! Nimekitoa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ila kidumu kile kimenipa habari kubwa kuliko maneno yote niliyoambiwa. Gari lilitembea kwa kidumu. Maana yake kabureta, hata kama ni chafu, ilikuwa inafanya kazi, na moto wa plagi ulikuwepo. Tatizo liko nyuma ya kabureta: pampu, mabomba au tangi. Na gari linalokata mlimani kisha likapona kwa kupumzika lina dalili ya kukosa mafuta, maana mlimani ndipo injini inapokunywa sana. Kutu ikiwa imejaa tangini, pampu inaivuta mpaka kwenye wavu wa mrija wa kunyonyea, wavu unaziba. Injini ikizima, mvuto unaisha, kutu inadondoka chini, njia inafunguka.

Kwa hiyo nimeamua nianze tangini na kufuata mafuta yanakopita, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kabureta. Sitanunua kifaa hata kimoja kabla sijafika kilipo. Mjomba amekubali, ingawa alitamani asikie injini leo leo. "Piga stata kidogo tu, mpwa wangu, tujue kama ni nzima." Nimemwambia tutajua, lakini si kwa stata. Waya wa hasi wa betri nimeuchomoa.

Sababu ya kukataa ni hii: nimetoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na kunusa. Oili inanuka petroli, nayo imepita alama ya juu. Daiframu ya pampu ya mafuta, yaani utando wake wa ndani, ikichanika, petroli inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, badala ya kwenda kwenye kabureta. Oili ya namna hiyo ni nyepesi, haishiki kwenye beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini. Kuliwasha gari hili leo kungekuwa kulimaliza.

Jumapili

Tumemwaga tangi. Kwenye 109 hii liko chini ya kiti cha dereva, linabeba galoni 10 za Kiingereza, yaani lita 45 hivi. Chini lina nati ya kumwagia, na kwa bahati ilikubali spana bila ugomvi.

Kilichotoka sitaki kukiita petroli. Kina rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi ya fundi seremala. Petroli ikikaa miezi mingi, sehemu nyepesi zinapaa, na sehemu zinazobaki zinaungana na hewa na kuwa ulimbo. Ulimbo huo ndio unaoziba jeti, vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta. Nilikinga kiasi kwenye chupa ya maji safi nikakiacha kitulie: juu kioevu cha kahawia, chini maji, na chini ya maji tope jekundu la kutu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo siku zote yanalala chini kabisa, pale pale mrija wa kunyonyea ulipo.

Maji yametoka wapi, wakati gari lilifunikwa turubai? Yametoka hewani. Ukanda huu wetu wa pwani hewa ina maji mwaka mzima. Tangi lililobaki na mafuta robo lina robo tatu za hewa, usiku bati likipoa hewa hiyo inatoa jasho, jasho linashuka chini, na kesho yake linaingia jingine. Miaka ikipita namna hiyo, tangi linaota kutu kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Ndiyo maana nasisitiza kwa kila mwenye gari la kusimama muda mrefu Mtwara au Lindi: ama lijae kabisa, ama liwe kavu kabisa. Katikati hapana.

Mafuta mabovu yako kwenye dumu la chuma lenye mfuniko, mbali na nyumba. Hayamwagwi hapa. Kisima cha jirani hakiko mbali.

Jumamosi iliyofuata

Tangi limetoka. Boliti za kwenye chesisi zilikuwa zimeshikana na kutu. Tumezipaka dizeli iliyochanganywa na oili jioni, asubuhi tena, na baada ya hapo zikakubali moja moja. Mpira wa kujazia mafuta ulikatika vipande mkononi.

Mzee Fundi amekuja kutoka Ligula. Alitengeneza Land Rover za serikali miaka mingi na sasa amestaafu, ila ukimtajia Zenith macho yanamwamka. Nimemsalimu, akaitikia marahaba huku tayari ameinama juu ya tangi. Kijana anayenisaidia alitaka kuwasha tochi ya simu aone ndani, mzee akamzuia, akaomba kioo cha kunyolea. Akasimama juani, akarusha mwanga wa jua kwa kioo ndani ya tundu la geji ya mafuta, na tangi zima likaonekana. Hakuna waya, hakuna cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa ndani ya tangi lililomwagwa siku nyingi, na tangi tupu lenye mvuke ni la hatari kuliko lililojaa.

Ndani ni kutu kila mahali, magamba makubwa upande wa chini, na wavu wa mrija wa kunyonyea umevikwa tope mpaka hauonekani matundu. Mlima wa Newala umeshajieleza hapo.

Kuna mtu alipita akashauri tulikate tangi juu kwa gesi, tusafishe, kisha tulichomelee tena. Hilo kwangu halijadiliwi. Watu wamekufa kwa tangi "lililooshwa".

Katikati ya Juni

Hatua ya kwanza ilikuwa kuosha: maji ya moto na sabuni ya unga, kutikisa, kumwaga, tena na tena mpaka harufu ya petroli ikaondoka. Kisha tuliingiza mnyororo mwembamba wa chuma na kokoto ndogo safi, tukalifunga tangi blanketi na kuligeuza huku na huku, kila upande ukipata zamu yake. Magamba makubwa yalitoka kwa namna hiyo. Kutu nyembamba iliyoshika bati haitoki kwa kokoto.

Kwa kutu hiyo watu hutumia siki au asidi ya betri. Siki ni nzuri lakini lita 45 za siki ni fedha nyingi. Asidi ya betri naikataa, inakula bati zima pamoja na kutu, na tangi la zamani halina unene wa kuchezea. Tumetumia umeme na magadi.

Naeleza kwa kirefu kwa sababu njia hii haihitaji kitu cha kuagiza. Magadi tuliyayeyusha kwenye ndoo, tukayaacha yatulie, tukayachuja kwa kitambaa, kisha tukajaza tangi maji yenye takriban kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Chumvi ya mezani isitumike badala yake, maana umeme ukipita kwenye chumvi hutoa klorini, na klorini ni sumu. Kwenye tundu la geji tukaning'iniza kipande cha nondo, kimeshikwa na ubao na kuzungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili kisiguse tangi popote. Nondo iwe chuma cha kawaida, si chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa kile kina kromu, nayo huyeyuka na kuwa sumu ndani ya maji. Chaja ya betri ya volti 12: waya chanya kwenye nondo, waya hasi kwenye tangi. Ukizigeuza, tangi ndilo litakaloliwa.

Dakika chache tu na maji yalianza kuchemka povu dogo dogo, baadaye povu likawa la kahawia. Hizo ni gesi za haidrojeni na oksijeni, na zikikutana na cheche zinalipuka, kwa hiyo kazi yote imefanyika nje chini ya mwembe, na kila tulipotaka kugusa vibanio tulizima chaja kwanza kule ukutani. Nondo inajaa uchafu, unaitoa, unaipiga brashi ya waya, unairudisha. Umeme unasafisha zaidi pale ambapo nondo inaelekea, hivyo tumeihamisha kutoka pembe hadi pembe. Usiku tulizima. Sikutaka kitu hicho kiwake bila mtu macho.

Uzuri wa njia hii ni kwamba bati zima haliguswi. Kutu nyekundu inageuka kuwa unga mweusi unaotoka kwa maji na kutikisa, na chini yake kuna chuma cha kijivu. Tulipomulika tena kwa kioo na jua, mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hili tangi bado lina maisha."

Kisha hapakuwa na muda wa kupumzika. Bati lililosafishwa likikaa na unyevu wa pwani linaota kutu upya ndani ya saa moja. Tulimwaga, tukasuuza, tukapuliza kwa kompresa, tukaliweka juani, na likiwa bado lina joto tukamimina petroli safi iliyochanganywa na oili ya mashine za boti, ile ya tustroki inayouzwa kwa wavuvi, tukazungusha mpaka kila upande ukalowa.

Siku mbili tatu baadaye

Kutu ikiondoka, matundu yaliyokuwa yamezibwa na kutu yanajitokeza. Tulilijua hilo mapema, kwa hiyo kabla ya kurudisha tangi tulipaka chokaa nje ya sehemu yote ya chini, ikakauka nyeupe, tukamimina mafuta ya taa ndani. Mafuta ya taa yanapenya mahali ambapo maji hayapenyi. Asubuhi palikuwa na madoa meusi kwenye chokaa karibu na mshono wa nyuma.

Kazi hii tumempelekea fundi wa koroboi. Wapo wachache waliobaki, na huyu anakaa pembezoni mwa soko, anatengeneza vibatari, mabirika na mapipa ya bati. Hatumii moto juu ya kitu anachokitengeneza. Ana kipande kikubwa cha shaba chenye mpini, anakipasha moto kwenye jiko la mkaa pembeni kabisa, anakisogeza kwenye bati, lehemu inayeyuka na kutambaa kwenye mshono. Tuliliosha tangi upya kwa maji ya moto na sabuni, tukalijaza maji mpaka chini kidogo ya matundu ili pasiwe na nafasi ya mvuke, tukalilaza upande. Alikwangua bati mpaka likang'aa, akapaka dawa, akalehemu. Alifanya polepole na kwa heshima ya kazi, na malipo aliyotaja nilimwongezea mwenyewe.

Chokaa tena, mafuta ya taa tena. Nyeupe imebaki nyeupe. Tumelikausha na kulipaka oili ndani kama mwanzo.

Mwisho wa Juni

Mabomba na pampu.

Bomba la chuma lililopita kwenye chesisi ni zima, tumelipuliza kwa upepo likatoa vumbi jekundu na mdudu mmoja mkavu. Mipira yote ya kuunganishia imetupwa. Hapa kuna jambo linalowapoteza mafundi wengi, na naamini ndilo lililompoteza yule wa kabureta. Upande wa kati ya pampu na kabureta mafuta yanasukumwa, kwa hiyo mpira ukipasuka utaona tone. Upande wa kati ya tangi na pampu mafuta yananyonywa. Mpira ukipasuka huko hutaona tone lolote. Pampu itavuta hewa badala ya mafuta, na wewe utatambaa chini ya gari ukiona pakavu na kusema mabomba hayana shida. Dalili yake iko kwenye kikombe cha kioo cha pampu, mapovu yanapita pamoja na mafuta.

Mipira mipya ni ya mafuta, si ya maji. Mpira wa maji ukikaa na petroli unavimba na kulainika, na vipande vyake vinasafiri hadi kwenye jeti.

Pampu ni ya kimakanika, inasukumwa na kamu ya injini (mhimili wenye vinundu), na ina mkono mdogo wa kupampia. Tumeifungua: daiframu imechanika ukingoni, kama dipstiki ilivyosema. Vali mbili za ndani zimeganda kwa ulimbo. Seti ya vipuri vya kukarabatia pampu na seti ya kabureta zimetumwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, zikaja na basi la usiku. Pampu imefungwa. Ukiibonyeza kwa kidole kwenye mdomo wa kuingizia unasikia inanyonya ngozi.

Nimeongeza chujio la plastiki linaloonyesha ndani kabla ya pampu. Gari halikuja nalo kiwandani, na kuna wanaopenda asili ibaki asili. Kwa tangi lenye historia hii, nataka kuona kwa macho kinachopita.

Oili imebadilishwa pamoja na filta yake. Iliyotoka ilimiminika kama maji.

Julai, wiki ya kwanza

Kabureta. Kwenye chujio la hewa, lile la bakuli la oili, tumekuta uji mzito wa manjano. Ni salfa. Gari hili limebeba salfa ya kupulizia mikorosho miaka yote, na vumbi lake limenyonywa mpaka huko. Tumeosha kwa mafuta ya taa, tukaweka oili mpya.

Zenith 36IV ina sifa mbaya mitaani. Watu wanasema inakunywa, haitulii silensa (injini ikiunguruma bila gari kwenda), inanuka. Mzee Fundi hakubaliani, na baada ya kuifungua mezani na kuiona kwa karibu nipo upande wake. Ndani, chini ya kifuniko cha juu, kuna kipande kinachobeba jeti, kimefungwa kwa skrubu. Uso wa kipande hicho na uso wa kifuniko lazima vilaliane kabisa. Vyote ni aloi laini. Ukikaza skrubu kwa hasira, au injini ikichemka mara kwa mara, vinapinda. Vikipinda, petroli inapita kwenye mwanya bila kupimwa na jeti, na hapo hakuna skrubu ya nje itakayoirekebisha. Unabadilisha jeti, unabadilisha sindano inayofungua na kufunga mafuta, shida iko pale pale.

Tuliweka rula ya chuma juu ya uso na kuinua kuelekea dirishani. Mwanga ulipita katikati.

Dawa yake ni uvumilivu. Tulichukua kipande cha kioo cha dirisha, kwa kuwa kioo ni bapa kuliko meza yoyote, tukalaza juu yake msasa wa maji namba 400, na kusugua kipande kwa kukizungusha polepole bila kukikandamiza, maji yakichuruzika. Unasugua, unafuta, unatazama. Mwanzo pembe tu zinang'aa na katikati panabaki pa giza. Mng'ao unasogea ndani kidogo kidogo. Namba 600 ikamalizia. Kifuniko kikafanyiwa hivyo hivyo. Tulipoweka rula tena hapakuwa na mwanga.

Jeti zilikuwa na ulimbo wa kahawia. Hazichokonolewi kwa waya, zile ni za shaba nyeupe na tundu lake limepimwa. Ukilikwaruza umelipanua, na gari litakunywa milele. Tumeziloweka, tukapitisha unyuzi wa mswaki wa nailoni, tukapuliza, tukazitazama dhidi ya jua moja baada ya nyingine. Boya lilizamishwa kwenye maji ya moto: likiwa na ufa, hewa ya ndani inapanuka na kutoa mapovu. Halikutoa. Sindano ya boya ilikuwa na alama ya pete pale inapokalia, kwa hiyo imewekwa mpya. Gasketi mpya, daiframu ndogo ya pembeni mpya, skrubu zimekazwa kwa kuvukana, kila moja kidogo, kisha kuzunguka tena.

Kuhusu ile kabureta ya mtumba iliyonunuliwa na mjomba: uso wake umepinda zaidi ya hii. Imewekwa kando kwa vipuri.

Moto wa plagi niliupitia kwa haraka tu. Mwanya wa pointi milimita 0.38, wa plagi 0.8, waya za plagi kwa mpangilio wa silinda 1-3-4-2. Breki tayari zilikuwa zimetengenezwa kipindi tangi lipo kwenye magadi.

Jumamosi, Julai

Tangi limerudi chini ya kiti, mpira mpya wa kujazia, pete mpya ya shaba kwenye nati ya chini. Petroli lita 10 safi. Mjomba amekuja na basi la asubuhi.

Hatukuanza na stata. Nilipampu kwa ule mkono mdogo. Mwanzo haukuwa na uzito, kwa sababu kamu ilikuwa imeishikilia pampu juu. Tulizungusha injini kidogo kwa handeli, mkono ukapata kazi. Kikombe cha kioo kikajaa polepole, mapovu yakapungua, yakaisha. Mafuta meupe, safi. Sindano ilipofunga mkono ukawa mgumu, nikaacha. Tukakagua kila kiungo kwa kidole kikavu. Kijana akasimama na mchanga na kizimamoto.

Choki ikavutwa, mjomba mwenyewe akapiga stata. Injini ilizunguka, ikashika silinda moja, mbili, kisha zote nne zikashika na sauti ikatulia. Mjomba hakushuka. Alikaa na mikono kwenye usukani, akaniambia tu, "Basi, mpwa wangu. Basi." Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Ilipopata joto tulirekebisha mchanganyiko: skrubu imefungwa taratibu mpaka mwisho, ikafunguliwa mzunguko mmoja na nusu, halafu kidogo kidogo kwa sikio mpaka injini ikaenda kwa ulaini. Inasimama silensa bila kutetemeka.

Jumapili, barabara ya Mikindani

Tumetoka kwenda Mikindani, njia fupi na ya lami. Kwenda, vizuri. Kurudi, kabla ya kuingia mjini, gari likaanza kupungua nguvu, likakohoa, likazima. Sura ile ile ya mlimani.

Chujio la plastiki lilikuwa safi lakini limebakiwa na mafuta kidogo sana. Kwa hiyo si kutu. Nikafungua mfuniko wa tangi, ukatoa mlio mrefu wa kuvuta hewa. Gari likawaka papo hapo.

Pampu ikitoa mafuta tangini, lazima hewa iingie kujaza nafasi hiyo. Hewa inapita kwenye tundu dogo la mfuniko. Isipoingia, tangi linajenga mvuto wa ndani unaoshindana na pampu mpaka pampu inazidiwa. Nimegeuza mfuniko: ndani kuna duara la mpira wa tyubu, limekatwa kwa ustadi na kubanwa chini ya gasketi ya kiwandani, bila shaka ili petroli isimwagike mlimani. Limeziba tundu lote. Mjomba anakumbuka liliwekwa baada ya mafuta kumwagikia magunia ya korosho.

Kumbe gari hili lilikuwa na maradhi mawili yenye dalili moja. Kutu kwenye wavu inapona kwa kupumzika. Mvuto wa tangi nao unapona kwa kupumzika, kwa sababu hewa inapenya taratibu. Namna ya kuyatenganisha ni kufungua mfuniko gari likiwa limekata. Likilia na kuwaka, tatizo ni hewa. Lisipolia, tazama wavu na chujio. Nimelitoa duara hilo, nikasafisha tundu, ambalo nalo lilikuwa na salfa iliyoganda, na kuweka gasketi sahihi.

Agosti, mikorosho ikiwa na maua

Tumekwenda Masasi na kupanda Newala kwa upande ule ule, tukiwa na mzigo wa salfa nyuma. Nilimwomba mjomba asibadilishe mwendo wake wa zamani, apande kama alivyokuwa akipanda. Gari limepanda bila kukata. Juu, Newala mjini, tulifungua boneti: kikombe cha kioo hakina povu, chujio la plastiki lina chembe chache nyeusi, unga wa magadi uliobaki kwenye pembe za tangi. Nimeweka chujio jipya na la zamani nimelihifadhi nilinganishe na lijalo.

Maagizo kwa mjomba: tangi lijazwe jioni, si asubuhi, na gari likilala wiki nzima lilale limejaa. Nati ya chini ifunguliwe kidogo kila mwezi, kikombe kimoja kimwagwe kwenye chupa ya kioo, atazame kama kuna maji chini.

Geji ya mafuta bado haisomi. Boya lake lilitoboka likajaa petroli, na fundi wa koroboi ameahidi kulilehemu wiki ijayo. Mpaka hapo mjomba anapima kwa kijiti cha mwanzi. Baada ya geji tunaingia kwenye springi za nyuma, ambazo majani mawili yamevunjika, maana ghala la chama cha msingi linafungua Oktoba na magunia hayasubiri.